Redio ya Mzee Ilivyopona Kipawa

Wanaonijua wanajua mie si mtu wa haya, ila hili nikilikumbuka hata niwe kwenye foleni natazama chini, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjalisikia kwa mshenga.

Baba yangu ana gari la zamani, kunizidi hata mie umri, na kila kitu ndani ni kilekile lilichotoka nacho kiwandani, hata ile redio ya kuzungusha stesheni kwa mkono, iliyokufa kabla sijaanza shule na hataki iondolewe. Sasa mie kuendesha kimyakimya kulinichosha, basi mzee aliposafiri kwenda msibani Lindi nikalipeleka gari Manzese kwa fundi mmoja, Shabani, akatoboa ubao wa nyuma chini ya kioo, akapachika spika mbili kwa chini, akarudishia kitambaa kilekile juu. Redio hatukuigusa. Ukipiga muziki kwenye simu spika zinaitika bila waya, na hakuna anayeona kitu (nilijiona mjanja kweli).

Baadaye tukaenda Kipawa kunipelekea posa kwa kina Zuhura. Mzee na mshenga wakaingia ndani, mie mwoaji nikabaki garini kama ilivyo desturi, na kwa woga wa kusubiri nikaweka dansi ya zamani kwa sauti ndogo. Mara mlango unafunguliwa, mzee kafuata miwani yake. Akasimama, akaikodolea macho redio.

"Imepona?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikajibu, "Ndiyo baba, nimeigusa tu ikaamka."

Wallahi sijawahi kumwona akifurahi vile. Alirudi ndani karibu anakimbia, akatoka na baba yake Zuhura na mshenga, mazungumzo ya posa yakasimama, akawakalisha wale wawili kiti cha nyuma, yeye akakaa mbele, na mie simu nimeikalia.

"Sikilizeni vitu vya zamani!" akasema, akazungusha redio. Nikapapasa chini ya paja, nikabadilisha wimbo. Akazungusha tena, nikabadilisha tena (jasho limefika kwenye soksi). Baba yake Zuhura akauliza mbona sauti inatokea nyuma, mzee akamjibu kwa fahari kwamba enzi zile watu walijua kuisambaza.

Ndipo simu ikaita, tena ndani ya spika zote mbili. Nikabonyeza haraka ili niikate, kumbe nimepokea.

"Oya braza!" Sauti ya Shabani ilijaa gari zima. "Vipi, dingi kashtukia lile tobo? Maana ule ubao wa orijino nimeukata vibaya, asije akafunua kitambaa!"

Mzee bado mkono wake ulikuwa kwenye redio. Akauondoa taratibu, akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akawaomba wale wawili wasogee, akafunua kitambaa. Alilitazama lile tundu kwa muda, akakirudisha kitambaa na kukinyoosha vizuri. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baba yake Zuhura akakohoa. "Kijana," akaniambia, "binti yangu nikikupa, ukitaka kubadilisha jambo lolote, muulize kwanza mwenyewe."

Mshenga alicheka peke yake.

Posa ilikubaliwa, namshukuru Mungu, na spika nilizitoa wiki ileile, ingawa tundu halizibiki. Tangu hapo nimeapa hata balbu siibadilishi kwenye gari lile bila kumwambia mzee, na si kwamba naogopa ugomvi wake, maana siku ile njiani hakunigombeza kabisa. Tulikuwa tumeshamshusha mshenga, tunakaribia nyumbani Temeke, ndipo akasema huku anaangalia barabara:

"Mie nilikuwa nimefurahi kweli, mwanangu."