Kamera Iliyomwita Mtani Mwizi

Kamera yenyewe ilikuwa nzuri, sitaisingizia. Ukikaa sebuleni na simu unaona karo la kufulia, kamba ya nguo, banda la kuku, mpaka kichochoro cha jirani. Mume wangu aliipata kwa rafiki yake mwenye duka la vifaa vya umeme. Akaambiwa ifungeni nje mjaribu, mkiipenda mtalipa, msipoipenda mtarudisha. Kazi ya kuijaribu nikapewa mimi, kwa sababu yeye anashinda bandarini na mimi nashinda nyumbani na mtoto.

Basi nikaijaribu. Tunakaa Mtawanya, pembeni ya mji, na ulikuwa msimu wa korosho. Watu wanaanika uani, na wengine wanapitapita kuangalia nani kajisahau. Kwa hiyo sikuikataa. Lakini mjusi akipanda ukuta, simu inalia. Mbuzi wa jirani akichungulia, inalia. Kanga ikipepea kambani, inalia. Umeme ukikatika, saa ambayo mimi ningekuwa mwizi ndiyo ningekuja, kimya.

Tena ilikuwa na kipaza sauti. Mwenye simu anaongea huko aliko, sauti inatoka ukutani kwako. Mume wangu alikipenda hicho kuliko vyote. Siku moja nimejifunga kanga kifuani nafua, ukuta ukasema, "Mama, kuku wameingia jikoni!" Nilirusha beseni.

"Zima dude lako," nikamwambia.

"Nawasaidia kulinda."

"Unamlinda nani? Unanichungulia mimi!"

Alicheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na kicheko mwilini. Bibi yangu alikuwa amefia kwangu, katika chumba kile kile ambacho mwanangu analala sasa, na arobaini yake ilikuwa inakuja. Bibi ndiye aliyenilea. Ndiye aliyeuza samaki na mihogo nikamaliza kidato cha nne. Tangu tumzike nilikuwa nafanya kazi zote kama kawaida, napika, nanyonyesha, nagombana, ila kilio kilikuwa kimenikwama hapa kooni, hakitoki wala hakishuki.

Kwetu jambo hilo lina mtu wake. Ukoo wetu una ukoo mwingine ambao ni watani wetu tangu wazee walipokuwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Mtani ndiye anayeruhusiwa kuutania msiba. Anamuiga marehemu, anawatukana wafiwa, ananyakua kitu chako na kukwambia ukikomboe. Mpaka akuchekeshe ndipo unaweza kuamka na kuendelea. Mtani wa bibi alikuwa mama mmoja mzee anayekaa njia ya Kilambo, na hakuna mwingine aliyebaki wa rika lao. Asipokuja yeye, ile arobaini ingekuwa watu wamekula wali wakaenda zao.

Nilikulia huko huko njia ya Kilambo, nyumba ya udongo ambayo mto ukijaa unausikia harufu. Hatukuwa na ukuta wala geti. Jioni bibi alifagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, mchanga unabaki na mistari kama nywele zilizochanwa sasa hivi. Asubuhi, kabla hajanawa uso, anasimama kizingitini anasoma nyayo. "Huyu mbwa. Huyu alikuja kuomba moto akakuta tumelala. Huyu ana haraka, mtoto wake bado anaumwa." Mimi nimeshikilia kanga yake, usingizi bado machoni, na moshi wa jikoni unaanza kupanda. Mpaka leo nikinusa kuni mbichi namtafuta.

Mtani alikuwa anamuweza. Alikuwa anakuja alfajiri, anapita kwenye majani kando ya nyumba, anavaa ndara za bibi zilizoachwa mlangoni, anatembea nazo uwanja mzima. Kisha anaondoka na chungu, au na kuku. Bibi akiamka anakuta nyayo zake mwenyewe kila mahali.

"Shoga," mtani anapiga kelele kutoka njiani, "mbona umejiibia? Njaa ndiyo imefika huko?"

"Rudisha chungu changu, mchawi wewe!"

"Kilete kinywa chako hapa nikikague, labda umekimeza!"

Bibi anakwenda kukomboa na sahani ya ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini, iliyochemshwa kwa chumvi, wanaila wote wawili kwenye mkeka, wakitukanana kwa furaha mpaka jua linapanda. Sikuwahi kusikia mtu akimwita yule mama mwizi. Wala mimi mtoto sikuliwaza neno hilo.

Sasa, arobaini ikiwa imekaribia, nilimpeleka mwanangu kliniki kupima uzito. Mtani akatoka kwake asubuhi, akaja mpaka Mtawanya, akakuta mlango umefungwa. Akafanya anachofanya siku zote. Akaingia bandani akamkamata kuku mweupe.

Simu ikalia bandarini. Mume wangu akaona, kutoka juu, mwanamke kajitanda kanga kichwani, kuku kwapani. Ukuta ukafoka, "Wewe mama! Mwizi! Mweke chini kuku! Nimekuona, mgambo wanakuja!" Majirani wakatoka.

Picha niliiangalia jioni. Mtani anageuka huku na huku akimtafuta mtu anayeongea. Hamuoni mtu. Anamweka kuku chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Anajitanda kanga upya, anaondoka. Hakusema neno, yule mama ambaye maneno hayakuwahi kumwishia.

Nilimwambia mume wangu mambo ambayo siyaandiki hapa.

"Ningejuaje?" akasema. "Utani naujua, hata kwetu Singida upo. Lakini utani ni maneno. Kuku ni mali."

"Kuku ni mali, na bibi yangu ni nini?"

Kesho yake mtani akatuma ujumbe kupitia binti wa jirani yake. Hatakuja. Mwizi haendi kwenye arobaini za watu.

Jumapili tulikodi pikipiki, mimi, mume wangu, mtoto mgongoni. Tulipita kwanza kwenye ile nyumba ya bibi. Majani yalikuwa yamefika magotini, uwanja wote. Nilishuka nikatafuta kipande cha mchanga hata cha kusimama mguu mmoja, sikukipata. Mume wangu alizima pikipiki, akasubiri, hakuniharakisha. Kwa hilo nampa haki yake.

Mtani tulimkuta barazani anamenya ming'oko. Hakuinua macho.

"Shikamoo, bibi," mume wangu akasema.

"Naisikia sauti, mtu simuoni. Ukuta gani unaongea leo?"

"Ni mimi, bibi. Nimekuja kuomba radhi. Nilikosea."

"Wewe ni mkwe au ni ukuta?"

"Mkwe."

"Haya, mkwe. Kamata kuku yule mwekundu."

Akaanza kumkimbiza. Mtani akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango, na kutoka ndani tukasikia, "Weweee! Mwizi! Mweke chini kuku! Nimekuona, mgambo wanakuja!" Mume wangu akasimama ameduwaa, mikono mitupu. "Nani kakwambia usimame? Kamata!" Akikimbia, anaitwa mwizi. Akisimama, anaitwa mvivu wa Singida. Watoto wa kijiji wakajaa. Alianguka kwenye rundo la maganda ya mihogo, suruali ya Jumapili, na kuku hakumpata.

Mtani akatoka anajifuta macho. "Nitakuja," akaniambia mimi, si yeye. "Ila lile jicho lenu lifumbwe. Mimi siwezi kulia na kucheka mbele ya mtu aliye bandarini."

Siku ya arobaini nililifunga kwa kitambaa, nikafunga mara mbili. Dua ikasomwa, wali ukapakuliwa, mtani hayupo. Nilikuwa nagawa maji huku naangalia njiani. Ndipo nikasikia kikohozi cha bibi.

Alikuwa amevaa kanga ya bibi vile vile bibi alivyoifunga, mkono kiunoni, mguu wa kushoto akiuburuta. Akazunguka uwanja akichungulia sahani za watu. Akafika kwangu. "Wewe, mchele huu umeuchagua kwa macho au kwa magoti? Mawe matupu! Ndiyo nilikusomesha hivi?"

Watu walicheka mpaka sahani zikamwagika. Na mimi nilicheka, halafu kile kilichokwama kikatoka, nikalia kwa sauti kubwa mbele ya watu wote, na sikuona haya. Mwanangu alimtazama yule mama kwa muda mrefu, akatambaa, akashika mguu ule unaoburutwa.

Mtani akanyoosha kidole ukutani. "Na hicho mlichokifunga kilemba ni nini?"

"Ni cha dukani, bibi," mume wangu akasema. "Tunakijaribu tu."

"Basi kirudi dukani. Mmeshakijaribu."

Mume wangu alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akaleta stuli na bisibisi, akapanda, na mtani akasimama chini yake, bado kwa sauti ya bibi, akimwelekeza. "Shika ukuta! Ukivunjika shingo nani atanilelea mjukuu?"

"Ndiyo, bibi," akajibu kutoka juu, akaushika ukuta.