Masomo ya Lugha ya Alama Kabla Tovuti Haijafungwa

Binti yangu alipoteza usikivu akiwa chekechea, baada ya homa kali. Tulirudi nyumbani Nangara kutoka hospitali na mtoto mwenye nguvu zake, ila nikimwita anaendelea kucheza kama sijasema kitu.

Mume wangu ndiye aliyegundua masomo ya lugha ya alama mtandaoni. Mwalimu mmoja, kiziwi mwenyewe, alikuwa ameyarekodi kwa ajili ya wazazi. Tukawa tunajifunza sote watatu, na nyumba ikaanza kuchangamka tena. Kisha mwalimu akatuandikia: hawezi tena kuiendesha tovuti, itafungwa mwisho wa mwezi, na anayetaka masomo ana ruhusa ya kuyahifadhi.

Nilitafuta kitufe cha kupakua, sikukiona. Nikachanganyikiwa. Hatukuwa tumefika hata nusu, na mama mkwe wangu kule Dareda, ambako mtandao unasuasua, alikuwa hajajifunza hata neno moja la kuongea na mjukuu wake.

Nikaenda Maisaka kwa mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kompyuta.

"Dada, kitufe cha nini?" akasema, akafungua kidirisha cheusi kisicho na picha yoyote. "Kuna programu unaiandikia amri tu. Unaipa anwani ya somo, yenyewe inavuta video na kuiweka humu kama faili."

Akaandika, akabonyeza. Yakatokea maandishi mekundu.

"Imekataa?"

"Inatuona wageni. Masomo haya si mpaka uingie kwa akaunti yako?"

Nikaingia kwenye akaunti yangu. Akaongeza maneno machache kwenye ile amri, ili programu itumie ruhusa hiyo hiyo. Safari hii asilimia zikaanza kupanda. Somo la kwanza likaingia, likafuata la pili. Katikati ya somo la familia umeme ukakatika, na intaneti ikaenda nao.

"Tumepoteza yote!" nikasema.

"Tulia, dada."

Umeme uliporudi akarudia amri ile ile. Programu ikaruka masomo iliyokwisha kuyahifadhi, ikaendelea pale pale ilipoishia. Nikaegemea kiti, nikashusha pumzi. Yalipokwisha yote, akazima intaneti makusudi na kuniambia nifungue lolote. Mwalimu akatokea, mikono yake ikisema "karibu". Nilicheka huku machozi yakinitoka.

Nikayapeleka Dareda kwenye flashi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivi na uzee huu nitayaweza?"

Tukaichomeka kwenye TV yake. Akakaa mbele, akiigiza kila alama, akilaumu vidole vyake kwamba vimekakamaa kwa jembe. Nilipoondoka hakunisindikiza, alikuwa bado kwenye somo.

Shule zilipofungwa tukampeleka mtoto. Bibi yake alitoka mlangoni, akafuta mikono kwenye kitenge, akauliza kwa alama, polepole: umekula?

Mwanangu alisimama akimkodolea macho. Kisha mikono yake ikajibu harakaharaka.

Mama mkwe akanigeukia. "Amesema maziwa?"

"Ndiyo, mama. Bado hajala, anataka maziwa."

"Nimemwelewa," akasema, akamshika mkono wakaingia jikoni. Mimi nilibaki uani na mume wangu, hakuna aliyetuita kutafsiri.