Kitambaa cha Kwenda Nacho Mongolia

Visa yangu ilibakiza siku tatu. Ya wifi yangu, mdogo wa mume wangu, ilikwisha miezi miwili nyuma, na ombi lake jipya lilikataliwa. Polisi wa Kichina walishinda Dengfeng, mtaa wetu, wakidai pasipoti, kwa hiyo wifi hakutoka chumbani. Mteja wetu mmoja, mama wa Kimongolia aliyenunua jinzi kwetu, alikuwa ametualika sote wawili kwao. Mimi nikienda, ningeomba hukohuko visa mpya ya kurudi. Wifi asingepita hata kaunta ya pasipoti ya uwanja wa ndege wa Baiyun.

Hata hivyo yeye ndiye aliyeshika adabu zao kuliko mimi. Yule mama alitufundisha: bakuli lipokee kwa mkono wa kulia, wa kushoto ushike kiwiko, kizingiti usikikanyage, chai yao ya maziwa na chumvi usiikatae, onja hata kidogo. Na mgeni mwenye heshima hutoa kitambaa cha buluu, rangi ya mbingu. Wifi alijizoeza na kikombe cha plastiki.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema akiinama, nami nikacheka.

Asubuhi ya safari nilikuwa na sukari, majani ya chai na kanga nyekundu, kitambaa cha buluu sina. Nikanuna. Nikasema siendi kwa watu na rangi isiyotakiwa, utadhani napeleka posa. Ndiyo tabia yangu, kitu kidogo kikikosekana natia watu wote adabu.

"Wifi, we funga begi," akasema. "Duka liko hapo chini, nashuka mara moja."

Sikumzuia. Hilo sijajisamehe mpaka leo.

Baada ya nusu saa muuza simu wa chini alipanda na kitambaa cha buluu mkononi.

"Dada, wamemchukua mbele ya duka langu. Kasema wewe nenda, usimfuate."

Nilikaa kitandani nimekumbatia begi. Ningemfuata, visa ingeniishia kituoni, tufungwe sote. Nilijiambia hivyo mara nyingi. Mchana nikapanda ndege.

Kwao yule mama, nje ya mji, sikukosea hata jambo moja, na nilijichukia kwa hilo. Mama yake mzee alikuwa ameandaa mabakuli mawili. Alitazama mlango nyuma yangu, akauliza, bintiye akanitafsiria: mwenzako yuko wapi?

"Anaumwa," nikasema.

Bibi akainuka, akafunga jibini kavu kwenye kitambaa safi, nimpelekee mgonjwa. Nikaipokea.