Chungu cha Bibi na Maji ya Kupooza

Kuni mbichi za mikoko zina harufu yake, ya chumvi na matope, na moshi wake huwasha macho kuliko kitunguu. Masika moja ya miaka ya vita, Changamwe yote ilinuka moshi huo. Mvua haikujua kukoma. Vyoo vilifurika, maji yake yakateremka hadi kwenye kisima tulichochotea sote, na watoto wakaanza kuhara damu. Asubuhi kilio kilitoka upande wa bondeni, jioni kikatoka upande wa reli, nasi watoto tukajifunza kutouliza ni nani. Ndipo akaja bwana afya, kijana wa bara mwenye kaptula ya kaki, akapita nyumba hadi nyumba na neno moja tu: chemsheni maji ya kunywa. Alikuwa na nyumba nyingi za kupita, wala hakuketi popote. Wako waliomcheka, wakasema maji ya moto hayachomi nyumba, amri za serikali zitapita kama zilivyopita nyingine. Kwetu hakucheka mtu. Mdogo wangu Yeremia alikuwa hajafikia umri wa kwenda shule, mtoto mwembamba mwenye masikio makubwa, na mama alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili kabla yake.

Shida ikawa chombo. Sufuria yetu ilikuwa moja, ndiyo ya ugali na ndiyo ya mboga, na madukani vyombo vilikuwa adimu kwa sababu ya vita. Jirani alikuwa na sufuria kubwa aliyowaazima watu kwa arusi na matanga, lakini wiki ileile ilikuwa imechemshiwa maji ya kuoshea maiti, na hakuna mama angeileta hiyo karibu na mtoto wake. Baba, aliyekuwa mchukuzi bandarini, akarudi jioni na debe alilopewa na askari wa kambini. Mama alilisugua kwa jivu na mchanga hadi vidole vikachubuka, akalitia ugwe wa waya liwe na mkono, lakini harufu ya mafuta ya taa haikutoka kabisa. Siku ya pili akafika bibi, mama mzaa baba, kwa miguu kutoka Rabai, na kichwani amejitwika chungu kikubwa cheusi. Alikuwa amesikia habari za vifo, na mjukuu wake wa kiume alikuwa Yeremia mmoja tu.

Bibi aliinamia debe, akanusa, akakunja uso. “Mwanangu,” akamwambia baba, “nikinywa maji haya kisha nikohoe karibu na taa, si mtaniona nawaka?” Tulicheka sote, hata mama. Kisha mama, ambaye hakuzoea kumpinga mavyaa wake, akasema kwa upole, “Lakini mama, debe huchemka upesi, na maji yake hupoa upesi. Chungu kitatumaliza kuni.” Bibi akajibu kuwa kuni atazitafuta yeye. Akakigonga chungu kwa kidole na kututaka tusikilize mlio wake. Chungu chenye ufa, alisema, hulia kama mtu mwenye mafua, na chake kililia vizuri. Baba akatazama huku na huku, akaona ni mama yake, na chungu kikashinda. Debe likawekwa chini ya ukingo wa paa kukinga maji ya mvua.

Na kweli bibi alijua kazi. Alipanga mafiga matatu uani chini ya kibanda cha makuti, akakausha kuni kando ya moto kabla ya kuzitia, akapuliza mpaka macho yakamwiva. Maji yalitokota kwa sauti nzito, tukaambiwa tusikaribie. Hayakunuka wala chungu hakikupasuka. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba udongo ule mnene ulishika joto, na maji yaliyochemshwa alfajiri yalikuwa bado yanaunguza ulimi jua likiwa utosini. Yeremia hakuwa na subira ya kiu. Akilia, bibi alimtekea maji kwa kata, akayapooza, akamnywesha mwenyewe. Hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo, hata mama.

Pamoja na hayo yote Yeremia akaugua. Alianza kwa tumbo, ikafuata damu. Bibi hakulala, akachemsha mara mbili zaidi ya awali, na kila Yeremia alipoomba maji akampa, maana alikuwa akikauka midomo mbele ya macho yetu. Alikufa mchana, mikononi mwa baba. Nakumbuka mama hakupiga kelele kama wanawake wengine. Alikaa sakafuni, akanivuta karibu naye, akanishika mkono mpaka ukaniuma.

Baada ya mazishi bwana afya alipita tena. Kusikia kwamba tumepoteza mtoto, aliuliza kama kweli tulichemsha maji. Bibi aliona anaitwa mwongo ndani ya nyumba ya mwanawe. “Njoo uone kwa macho yako,” akamwambia, akampeleka uani. Chungu kilikuwa kinatokota. Bibi akateka maji, akamimina kikombeni, mvuke ukapanda. Kisha, kama afanyavyo kila mtu wa kwetu na maji ya kuoga, akachovya kata kwenye mtungi wa maji ya kisima, akaongeza kidogo kidogo, akajaribu kwa kidole, akamkabidhi. “Hivi ndivyo alivyokunywa, kila siku.”

Bwana afya alikishika kikombe bila kukinywa. “Bibi, haya ya baridi yalichemshwa?”

“Maji ya kupooza huchemshwa, mwanangu?”

Yule kijana aliweka kikombe chini, akavua kofia yake. Bibi alimtazama yeye, akamtazama mama, na nikaona uso wake unaelewa. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama hakumlaumu, si siku ile wala baadaye, na nadhani kimya chake ndicho kilichommaliza bibi. Mimi nilimchukia kwa muda mrefu. Hakurudi Rabai, aliishi nasi mpaka mwisho wake, na hakuwahi tena kumpa mtu maji kwa mkono wake. Hata yeye mwenyewe akiona kiu alisubiri nimletee.

Sasa mimi ni mzee kuliko alivyokuwa yeye. Naishi Changamwe ileile, maji huja kwa mfereji siku yanapopenda kuja, na birika la umeme huchemka kabla sijakaa vizuri. Juzi kitukuu wangu alitaka maji, nayo ndiyo kwanza yamechemka. Mama yake, msichana aliyesoma kunishinda mara nyingi, akapeleka kikombe chini ya mfereji ayapooze kidogo. Nilimdaka mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado ninayo. “Bibi, kuna nini?” akaniuliza, ameshtuka. Nilikiweka kikombe dirishani, mtoto akaanza kulia, nikamwacha alie mpaka maji yalipopoa yenyewe.