Mkono wa Dada Uliokosa Mapigo

Kila mara dada yangu alipoinua mikono kuanika nguo, dunia ilimpotea. Aliniambia mwanga ulikuwa unajikunja kutoka pembeni, polepole, mpaka anabaki na duara dogo lenye kipande cha shati jeupe ndani yake, halafu hata shati linakwenda. Mimi nilikuwa darasa la sita. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma yake na kumshika kiuno, tukingoja pamoja, macho yake wazi na hayaoni kitu, mpaka arudi.

Tulikuwa tunaishi Gatwekera, mtaa wa mabanda jijini, mama na sisi wawili, katika miaka ya sabini. Baba alikuwa amefariki. Dada alifua nguo za watu, na siku hizo mkono wake wa kushoto ulikuwa unachoka kama si wake. Jioni alipata homa. Akakonda. Jirani mmoja alisema ni uvivu, mwingine akasema ni TB. Mama alinong'ona chira, ule ugonjwa ambao kwetu, kule ziwani, watu huamini humkausha aliyevunja mwiko.

Siku moja alianguka kabisa, tukampeleka zahanati. Nesi alimshika kifundo cha mkono wa kushoto, akatafuta mapigo. Akahamisha vidole, akatafuta tena.

"Mama, huyu msichana wako yuko hai kweli?" aliuliza akicheka.

Kisha akaacha kucheka. Akashika mkono wa kulia, akapata mapigo. Akarudi wa kushoto, hakuna. Alitutuma hospitali kubwa siku hiyohiyo.

Daktari wa huko alikuwa mtu wa sauti ya chini. Aliweka chombo chake cha kusikilizia juu ya mfupa wa bega la dada, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akaniona nimekodoa macho, akanivalisha kile chombo masikioni. Nilisikia upepo. Shuu, ukanyamaza, shuu tena, kama upepo unaopita chini ya mlango wa nyumba isiyo na watu. Alisema ni damu inayojipenyeza, kwa sababu mishipa inayoitoa kwenye moyo na kuipeleka mkononi na kichwani imevimba na kuwa myembamba ndani.

Halafu akamgeukia mama. "Kwenu kuna mwingine? Mtu aliyevimba viungo, ama aliyepoteza macho ghafla?"

"Hapana," mama alisema. "Kwetu sote ni wazima."

Nje nilimuuliza, "Mama, na shangazi?"

"Nyamaza. Daktari ameuliza kwetu, hajauliza ukoo wa baba yenu."

Lakini Jumapili baada ya kanisa alituongoza kwa miguu hadi Kawangware, bila kusema kwa nini. Shangazi, dada ya baba, aliuza mboga huko, mbele ya ploti alimopanga chumba. Vidole vyake vilikuwa vimepinda vyote upande mmoja, na wanunuzi wake walijikatia sukuma wenyewe. Alimsikiliza mama mpaka mwisho.

"Mwambie daktari habari ya mikono yangu," alisema. "Na umwambie habari ya mama yangu. Kichwa kilimuuma, hata kitana hakikuweza kugusa nywele, na mchana mmoja jicho likazima. Tukasema amerogwa. Tulimfukuza jirani, na yule jirani hakuwa na kosa lolote." Akamtazama mama. "Ukishindwa kusema, nitaenda mimi."

Mama alilia, na dada akamfuta machozi kwa mkono wake wa kulia.

Shangazi alikwenda kweli. Aliweka mikono juu ya meza ya daktari, akasema, "Tazama."

"Kwa hivyo ni damu ya watu wa baba yao," mama alisema.

"Si hivyo, mama," daktari alisema. "Mtoto harithi ugonjwa huu kama anavyorithi pua. Kinga ya mwili ndiyo inakosea, inapiga mwili wenyewe. Kuna familia ambazo kosa hilo hutokea zaidi kidogo. Huyu linampata kwenye viungo, yule kwenye mishipa, na wengi haliwapati kabisa. Hakuna mtu aliyevunja mwiko."

"Hilo la mwisho," mama alisema, "rudia tena."

Akarudia.

Vidonge vya daktari vilimvimbisha dada uso, na majirani wakampongeza kwa kunona. Homa ikaisha. Aliweza tena kutazama juu na kuona mawingu, na nakumbuka akinielezea mawingu hayo kama vile mimi ndiye niliyekuwa sijayaona. Mapigo ya mkono wa kushoto hayakurudi. Alihamia Kawangware kwa shangazi. Mmoja alikata mboga, mwingine aliita wateja, na mchana walisinzia wakiwa wameegemeana.

Mimi nilikua nikijipapasa vifundo vya mikono kila asubuhi, nikiwa nusu usingizini, nikisikiliza kwa vidole. Miaka ikapita hivyo. Ugonjwa haukuja.

Miaka ya themanini watu walikuja kwetu kuzungumza habari ya ndoa yangu. Kabla ya chakula mama alisimama, akawaambia wageni yote: jicho la bibi, vidole vya shangazi, mkono wa dada. Alisema bila haraka. Nilihisi naelea karibu na dari, nikitutazama sote kutoka juu.

Mama mkwe wangu wa baadaye alikuwa wa kwanza kusema. "Sisi tuko na presha, na mume wangu alikufa na sukari. Mngetuuliza, tungewaambia."

Akaomba chai iongezwe maziwa. Mvua ikaanza kupiga mabati, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake, tukabaki kutazamana na kutabasamu.