Chokaa ya Kila Desemba

Sisi tuliokulia Garissa enzi zile hatukujua mambo ya kuchagua rangi ya nyumba. Rangi ilikuwa chokaa, basi. Mvua za Novemba zikishaosha kuta hadi plasta ikaonekana hapa na pale, baba alipitisha kiganja ukutani, akakitazama kilivyojaa unga mweupe, kisha akatutangazia: "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Methali hiyo alitutolea hata tulipochelewa kuoga. Alikuwa karani wa serikali aliyeletwa huku kutoka Ukambani kwa miaka miwili tu, akajenga, akagoma kuondoka.

Chokaa ililowekwa kwenye pipa siku moja kabla, ikafoka na kutokota yenyewe kana kwamba kuna moto chini. Asubuhi mama alitia chumvi ili ishike, na nili kidogo ya kufulia nguo ili weupe ung'ae. Kaka yangu Mutua alipanda ngazi. Dada yangu Mwende aliumwagia ukuta maji usije ukainyonya chokaa upesi. Mimi kitinda mimba nilipewa sehemu ya chini, pale mbuzi wa jirani walipozoea kujikuna. Kutwa tulikuwa tukilikimbia jua: asubuhi ukuta wa magharibi, alasiri ule wa mashariki, kwa sababu chokaa ikikaushwa na jua la Garissa hupukutika yote.

Wenye mbuzi hao walikuwa kina Eddo Halima. Eddo ni shangazi kwa Kisomali, nasi tulimwita hivyo ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Alivuka ua na wanawe wote na birika la chai ya maziwa ya ngamia, akaketi kivulini kutusimamia. "Nyie watoto, bakeni! Mutua, umeacha habo juu! Wallahi hata mbuzi ameona!" Herufi p ilimshinda maisha yake yote, wala hakujali. Mama alipika muthokoi wa mahindi ya kukoboa na maharagwe, wao wakaleta anjera, chapati zao laini, tukala pamoja huku chokaa imetufika viwikoni. Idd ikikaribia, zamu ilikuwa yetu kwenda kupaka kwao. Jamani, tulicheka! Mgongo uliwaka, macho yaliwasha, na bado sikutaka jioni ifike.

Sasa ninaishi peke yangu katika nyumba hiyo. Wazazi wametangulia, Eddo pia, na wanawe wamehamia Nairobi. Mutua yuko Mombasa, Mwende yuko Kanada. Mwaka huu mvua iliuharibu vibaya ukuta wa mbele, nami nikafurahi, Mungu anisamehe, maana nilipata sababu. Nikawapigia simu wote wawili: njooni Desemba tupake chokaa, hata kwa siku mbili tu. Walicheka, wakakumbushana kelele za Eddo, nami nikaenda kununua brashi tatu. Wiki iliyofuata wakanitumia pesa. "Nunua rangi nzuri ya nje," Mutua alisema, "ile ya kudumu, usihangaike kila mwaka." Binti yake akaongeza picha kwenye simu: "Anti, nyeupe imepitwa. Weka kijivu, itabamba." Kijivu! Garissa hii, kana kwamba vumbi halitutoshi. Watoto wa leo wanapaka nyumba nzima kwa kidole gumba, hawachafuki hata ukucha.

Muuza rangi alinieleza kwa upole. Rangi hiyo huhimili jua na mvua, lakini haishiki juu ya chokaa, itabanduka vipande vipande. Lazima chokaa yote ikwanguliwe hadi kwenye plasta, ukuta upakwe kwanza rangi ya msingi, ndipo yenyewe ifuate. Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Nikakaa karibu wiki nzima nikiutazama ukuta, na plasta ikaendelea kuanguka. Ningeweza kupaka chokaa mwenyewe, lakini ngazi angenishikia nani? Nikamwita fundi, kijana wa hapa anayeitwa Abdi.

Abdi alikwangua siku mbili. Chokaa ilikuwa nene, tabaka juu ya tabaka, Desemba juu ya Desemba, kuna mahali nili ilikuwa imezidi na kuna mahali ilisahaulika. Vipande vyake nilivifagia mwenyewe. Nilijiambia ni uchafu tu, nikalia hata hivyo, na Abdi akajifanya hakuniona.

Nilichagua rangi ya maziwa. Inapendeza, siwezi kusema uongo. Ukuta ni laini, maji yanateleza, kiganja hakitoki na unga. Enzi zetu ukuta haukumaliza mwaka, na ua ulijaa watu hadi kuku wakakosa pa kupita. Abdi alifunga mkebe, akajifuta mikono na kuniambia kwa furaha, kama mtu aliyeleta habari njema: "Mama, hii ni imara. Miaka kumi hutaita mtu."

Nikamshukuru. Kisha nikamwomba asiondoke kwanza, anywe chai.