Presha ya Oili na Mayai ya Wenyewe

Jenereta lile nililinunua mtumba upande wa Kenya, likiwa limestaafishwa kwenye mnara wa simu, nikalivusha mpakani hadi kwetu Sikuda, Uganda, nikitembea kifua mbele. Kazi yake ilikuwa moja: umeme ukikatika, liendeshe mashine ya mke wangu ya kutotolea vifaranga. Mayai hayakuwa yetu. Wanawake wa Buhehe waliyaleta wenyewe, trei kwa trei, na kila mmoja aliyajua yake kwa alama ya penseli.

Siku ya kumi na nane tangu mayai yaingie mashineni, umeme ukakatika asubuhi. Nikawasha jenereta. Liliunguruma vizuri kwa dakika kama ishirini, kisha geji ya presha ya oili ikaanza kushuka, ikashuka, na swichi ya usalama ikazima kila kitu. Nikangoja lipoe, nikawasha tena. Dakika ishirini, kimya. Nilikasirika.

Nilianza na geji, maana ndiyo iliyokuwa ikinikera machoni. Nikanunua nyingine mjini, ikashuka vilevile. Nikasema oili ni feki, nikaimwaga yote, nikatia nzito zaidi. Jenereta likazima mapema kuliko kwanza. Mke wangu alifunika mashine kwa mablanketi yote ya nyumbani, akawa ananichungulia mlangoni bila kuuliza kitu. Heri angeuliza.

Siku ya pili yake umeme ulikuwa haujarudi. Nikamwita fundi kutoka Tororo, mzee aliyetengeneza malori tangu ujana wake. Nilimtaka akate waya wa ile swichi ili injini iendelee kuzunguka. Akakataa. Nikamwambia kama injini inamtisha aseme, nitafute fundi wa kweli. Maneno hayo nayajutia hadi leo.

"Mwalimu, nikikata hii waya, injini nakufa leo," alisema kwa upole. "Hii kitu iko na kiu. Tufungue chini."

Tukafungua sampu, lile beseni la oili. Akatoa chujio la pampu, akalikwangua kwa ukucha, akanionyesha kiganja: vipande vyekundu vya silikoni, ile gundi ya kuzibia, vimeziba karibu matundu yote. Hakuhitaji kunieleza. Mwezi mmoja kabla, mimi mwalimu wa shule nilijitia fundi, nikaisafisha sampu mwenyewe na kuifunga kwa silikoni tele, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Iliyozidi ilikatikia ndani.

Tulisafisha chujio, nikawasha, na presha ikasimama imara. Lakini mayai yalikuwa yamekaa baridi muda mrefu mno. Siku ya ishirini na moja walitoka vifaranga saba tu.

Wanawake walipokuja, fundi naye alikuwepo, amerudi kukaza boliti. Mke wangu aliwaambia kwamba wauzaji walinitapeli, wakanipa jenereta bovu, na kwamba nilihangaika siku mbili bila kula. Wakanipa pole mmoja mmoja, kwa mkono. Mmoja wao, ambaye hakupata hata kifaranga mmoja, akamgeukia fundi na kumuuliza shida ilikuwa nini hasa.

Fundi alinitazama, akangoja. Nilijua ninachopaswa kusema, na sikukisema.

"Ilikuwa na uchafu, mama," akajibu mzee niliyemtukana. "Uchafu tu."

Yule mwanamke akabeba trei zake tupu. Alipofika nilipokuwa nimesimama akanipa mkono mara ya pili, akaniambia pole tena, nami nikamjibu asante.